Mfuko Mtupu wa Mama

Mama yangu alipanda mlima na mfuko mtupu. Nalisema hili mapema kwa sababu mbebaji wa mfuko nilikuwa mimi, binti yake mdogo, na siku ile nzima ulinipigapiga ubavuni ukinikumbusha kilichotupeleka. Ulikuwa ule mkubwa wa mirabamiraba, ambao watu huuita shangazi kaja. Mama aliununua mpya sokoni Sikonge, akaukunja, akaufunga kwa kamba. Tulikuwa tunakwenda kumtoa dada yangu kwa mume wake, na mfuko ulikuwa wa kutilia nguo zake.

Sisi ni watu wa Ipole. Shemeji yangu naye ni wa hapo hapo, mfuga nyuki, mtoto wa jirani. Walipooana alisikia kwamba kwenye milima iliyo kati ya Mpanda na Ziwa Tanganyika miti bado imesimama, hakuna mabani ya kukaushia tumbaku ya kuimaliza. Basi akamchukua mke, akaenda kutundika mizinga yake huko. Mama hakukasirika. "Mnyamwezi na njia ni ndugu," alisema. "Babu zetu walikwenda hadi pwani na mizigo vichwani, huyu kuhamia huko Mpanda ndiyo nini?" Akacheka, akawafungia michembe ya viazi vikavu ya kula njiani.

Masika ya mwaka uliopita akaacha kucheka. Dada alishikwa na uchungu usiku, mvua inanyesha, mtoto amekaa vibaya. Zahanati iko kijiji cha chini, na wao wanaishi kijiji cha juu kabisa. Walifika chini asubuhi. Dada alipona, mtoto hakupona. Shemeji alinipigia simu mimi, niko Tabora mjini, maana mkwe hampigii mama mkwe simu hivi hivi. Alisema, "Shemeji, mwambie mama tumechelewa." Nikamwambia mama. Hakuuliza swali hata moja. Alilichukua neno hilo akakaa nalo mwaka mzima, na kila alipoligeuza lilimtolea jibu lile lile: yule bwana alikaa, alisubiri dawa za mizizi, alisubiri mvua ikatike, alisubiri mpaka mjukuu wangu akafa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sikubishana naye. Baba yetu alishafariki, kauli ya nyumbani ni ya mama. Siku aliponionyesha mfuko nikaomba ruhusa kazini.

Hapa lazima nieleze jambo moja, la sivyo msomaji atatushangaa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanamume huacha njia akaingia porini hadi mama apite. Akitaka kumpa kitu hukiweka chini, mama akaokota. Na wakigusana, hata kwa bahati mbaya, mkwe hutoa mbuzi wa kuondoa aibu. Wapo wanaosema haya ni mambo ya kizamani, na mimi nikiwa mjini huwa mmoja wao. Kwa mdogo wa mke, mambo ni kinyume kabisa: mimi na shemeji ni utani mtindo mmoja, naweza kumtukana mbele ya watu na watu wakacheka.

Mipango ilikuwa jirani wa shemeji atushukie, atuongoze kupanda. Pikipiki hazikuwa zinapanda tena tangu mvua ilipoikata barabara. Tulilala kijiji cha chini, kwa mama mmoja mkarimu, na asubuhi tukaambiwa jirani yule ana malaria, hawezi kusimama. Aliyekuja ni shemeji mwenyewe. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, ametupa mgongo, ili mama asimwone.

"Kijiji kizima kimekosa mtu mwenye miguu?" mama aliuliza kwa sauti, akiuuliza ukuta.

"Shemeji," sauti ikajibu kutoka nyuma ya nyumba, "mwambie mama shikamoo. Na mwambie samahani, nimekosa mtu."

"Mama, anasema shikamoo, na samahani amekosa mtu."

"Nimesikia. Mwambie marahaba. Mwambie atangulie mbali."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Shemeji mbele kabisa, mimi katikati, mama nyuma yangu, ukaya wa khanga umeshuka hadi kwenye nyusi, macho kwenye visigino vyangu. Nilikuwa simu ya upepo. Neno likitoka mbele nalipeleka nyuma, likitoka nyuma nalipeleka mbele, na wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri tu.

Sisi watu wa uwandani hatujui mlima. Kwetu mlima ni jiwe kubwa ambalo mtu hupanda kutafuta ng'ombe waliopotea, akashuka kabla uji haujapoa. Mama aliuanza mlima ule kwa mwendo wa kwenda shambani, kifua mbele, fimbo inagonga. Shemeji akageuka nusu, bado anatazama bondeni.

"Shemeji, mwambie mama apunguze. Huku watu hupanda kama wanaougua."

"Mama, anasema..."

"Mwambie mimi natembea tangu baba yake hajaota meno."

Kwenda mbio si kufika, lakini nani amwambie? Baada ya mwinuko wa kwanza alikuwa anahema, na mimi, ambaye kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti, nilikuwa nimekufa zamani. Masikio yalikuwa yameziba. Baridi ilikuwa ya aina ambayo Tabora hatunayo, inayoingia kwa kuanzia kwenye meno. Miyombo ilikuwa imebaki chini, na pande zote sasa zilikuwa nyasi fupi, majani ya gugu, na vijito vinavyokatiza njia bila hodi.

"Shemeji," akanitania, "mjini mnakula nini? Mbona unapumua kama mashine ya kusaga?"

"Tunakula wali. Wewe unayekula masega ya nyuki ndiyo umekauka hivyo?"

Akacheka, akarudi hatua chache. "Lete huo mzigo nikusaidie, mke wangu mdogo. Mmetuletea nini humo?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshauchukua. Aliuinua mara moja, akauona ni mwepesi, akaubonyeza. Uso wake sikuutazama sana, sikutaka. Alinirudishia mfuko, akaniwekea mkanda begani vizuri, akaenda mbele. Toka hapo hakunitania tena. Nilijisikia vibaya, nikaudhika kwa kujisikia vibaya, maana mimi nilikuwa mchukuzi tu.

Angeweza kutupoteza. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Mtu anayejua njia, anayewapeleka watu wawili wasiojua kitu kwenda kuvunja nyumba yake mwenyewe. Si angesema tu daraja limekatika, tukarudi? Lakini kila penye utelezi alisimama, akasema, "Mwambie mama akanyage upande wa nyasi." Kila penye kijito tulikuta ameweka mawe mapya ya kukanyagia, bado yana udongo mbichi chini.

Kijiji cha kati ni nyumba chache zilizoshikana kwenye bega la mlima. Mwanamke mmoja wa rika la mama alitukaribisha togwa ya moto. Alipoona shemeji anakunywa ya kwake nyuma ya banda la kuku, na mama amegeukia ukuta, alielewa mara moja, akapiga makofi.

"Loo! Mkwe na mama mkwe, njia moja, mlima mmoja! Leo hata mvua itaona haya kunyesha."

"Dunia imekwisha, mwenzangu," mama akamjibu.

"Haijaisha. Angalieni tu msigusane, mkwe wako atabaki bila mbuzi."

Wakacheka wote wawili. Halafu ghafla mama akaimaliza togwa yake, akainuka. Nadhani alikuwa amekumbuka kwamba mwezi unaofuata huenda asiwe tena na mkwe wa kudai mbuzi.

Tulipokipita kijiji hicho mwendo mrefu, tukafika kwenye jiwe. Ni jiwe pana lililolala kwa mshazari, maji yanapita juu yake membamba, na njia haina pengine pa kupita. Shemeji alivuka, akatuambia tuvue viatu. Nilivua. Mama alikataa, kwa sababu aliyesema ni mkwe wake. Alifika katikati, fimbo ikateleza, akateleza yeye, akashuka kwa makalio hadi kwenye majani ya ukingoni. Hakupiga kelele. Alikaa pale akiushika mguu, na kifundo kikaanza kuvimba tukikitazama.

Nikasema nitambeba. Weee! Nilipiga hatua chache tukaanguka wote, mama juu, mimi chini. Alicheka kidogo, halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

Muda wote huo shemeji alikuwa amesimama upande wa pili, uso bondeni. Kumwangalia mama mkwe ameketi chini miguu nje ingekuwa aibu nyingine juu ya aibu.

"Shemeji, mwambie mama," alisema, "kurudi chini sasa ni mbali kuliko kufika. Akikubali nitainama hapa, apande mgongoni. Akikataa nitakimbia kuita watu, lakini ukungu unakuja, na ninyi hamna nguo za kukaa hapa."

"Mwambie sitaki," mama alisema.

Nikamwambia hataki. Hakuondoka. Ukungu ulikuja kweli, kutoka chini, kimyakimya, ukameza njia tuliyopita. Nguo za mama zilikuwa zimelowa. Nilisikia meno yake yakigongana. Nilimwogopea, nasema kweli, na niliwachukia wote wawili, na mila zao, na mlima wao.

"Weka mfuko," mama akasema.

"Mfuko gani?"

"Huo! Ukunjue, umwekee mgongoni. Mimi sigusi mgongo wa mkwe."

Nikaifungua ile kamba, nikaukunjua. Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani. Shemeji alirudi juu ya jiwe kinyumenyume, akapiga goti mbele ya mama bila kugeuka. Nikamtandazia mfuko ule mgongoni, akashika pembe zake mbili mabegani. Mfuko aliokwisha kuujua ni wa nini. Mama akafunika uso wote kwa khanga, akasema bismillahi ingawa sisi ni Wakatoliki, akalala juu ya mirabamiraba. Nikawafunga kwa khanga yangu ya pili, kama anavyofungwa mtoto. Shemeji akasimama.

Tukaenda hivyo. Mdomo wa mama ulikuwa karibu kabisa na sikio la shemeji, na bado hawakusemezana. Mimi nilitembea ubavuni nikishika fimbo na viatu. Njia ilipanda tu. Shemeji hakuwa mtu mkubwa, nilimsikia pumzi zikimkata, lakini nikaona jambo: alikuwa na mahali pake pa kupumzika. Hakutafuta. Alifika kwenye jiwe lenye kimo cha kiuno, akageuka, akaliegemezea uzito, akahesabu pumzi, akaendelea. Mbele akafika kwenye kisiki, akafanya vile vile. Mama naye aliliona, ingawa alikuwa amejifunika. Mtu aliyebebwa huona kwa kifua.

Kwenye kisiki kile aliongea, kwa sauti ndogo.

"Muulize. Alimbeba mwanangu hivi hivi?"

Nilimtazama mama, nikamtazama shemeji. Kati ya nyuso zao hapakuwa na hata kiganja. Nikasema, "Shemeji, mama anauliza, ulimbeba hivi hivi?"

Akazikaza pembe za mfuko mabegani.

"Mwambie mama ndiyo. Njia hii hii, tukishuka. Pale kwenye jiwe la maji nilikaa chini, nikajiburuta, maana ilikuwa giza na nilikuwa nimemfunga mgongoni." Akavuta pumzi. "Mwambie yeye alikuwa mzito zaidi. Walikuwa wawili."

Hilo sikulipeleka. Mama hakungoja nilipeleke. Nilichoona ni mkono wake mmoja, uliokuwa umeshika ncha ya mfuko tu kwa vidole viwili, ukiachia ncha ile na kushika bega. Halafu ukarudi kwenye mfuko haraka. Shemeji akainuka kutoka kwenye kisiki, tukaendelea.

Tulifika jua likiwa linaonekana bado upande wa Ziwa. Dada alikuwa anachanja kuni. Aliinua macho, akamwona mumewe anakuja na mama mgongoni, amefunikwa gubigubi, akatupa shoka.

"Mama kafa!"

"Sijafa!" mama akajibu kutoka ndani ya khanga. "Na wewe geuka huko, usitazame upuuzi huu!"

Shemeji akamshusha kwenye kigoda mlangoni, akasogea, akatupa mgongo. Mama akajiweka sawa, akashusha ukaya. Nilingoja. Nilijua anachotakiwa kusema.

"Mwambie ahsante," mama akasema.

Ahsante! Naomba nieleweke. Mpita njia akikusaidia unamwambia ahsante, mkaachana kwa amani. Mkwe haambiwi ahsante, mkwe hudaiwa mbuzi. Na mfuko ulikuwepo katikati. Mama akitaka kusema hawakugusana, hakuna mzee wa Ipole ambaye angeweza kumbishia. Basi hakuna aibu, hakuna mbuzi, hakuna mkwe. Nilipeleka neno lile kwa sauti ya chini. Shemeji aliitikia kwa kichwa, akatoa kamba iliyoning'inia ukutani, akaondoka nayo nyuma ya nyumba. Nikadhani amekwenda kununa. Ningekuwa yeye ningenuna hadi Krismasi.

Dada alimkanda mama mguu kwa maji ya moto na chumvi. Mfuko ulikuwa umelowa, nikautundika karibu na moto ukauke, na hapo ndipo dada alipouona. Aliusoma kuanzia zipu hadi chini. Akanivuta jikoni.

"Amekuja kunichukua?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukamshika mkono kabisa, ukaja naye."

"Nilimbebea mfuko."

Hakucheka. Alikuwa amekonda, lakini hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Mikono yake ilikuwa na nguvu na jiko lake lilikuwa safi. "Mama akisema twende, nitakwenda," akasema. "Siwezi kumwambia mama hapana. Lakini mtoto wangu yupo pale nyuma ya mgomba. Baba yake alimbeba kumrudisha, nami nikiwa zahanati. Huyo naye nitamtia kwenye mfuko?" Aliyafuta machozi kwa nyuma ya mkono wenye unga, akaendelea kusonga ugali. Nje mbuzi alikuwa analia, nikafurahi kwamba kuna sauti nyingine.

Tukala, mama, dada na mimi, ndani. Shemeji alikula barazani, upande wa pili wa ukuta wa fito na udongo ambao haumzuii hata panya kusikiliza. Ugali, uyoga, na bakuli la asali mbichi katikati. Mama alitafuna ugali wake. Alichovya kidole kwenye asali, akaionja, akachovya tena. Dada hakula. Alikuwa ameshika bakuli lake tu, akimtazama mama mdomoni.

"Mwambie huyo mwanamume," mama akaanza.

"Nimwambie nini, mama?"

"Mwambie binti yangu akishika mimba nyingine, anashuka Ipole mapema, mlima haujaanza kulowa. Atajifungulia kwetu, penye gari. Hilo sitaki mjadala."

Nikapaza sauti, nikaueleza ukuta. Ukuta ukajibu: "Mwambie mama nimesikia. Nami ndivyo ninavyotaka."

Mama akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Akautazama mfuko pale ulipotundikwa, unatoa mvuke.

"Na umwulize mkwe wangu," akasema, "mbuzi wangu yuko wapi. Au anadhani mfuko ule ni ukuta?"

Dada aliweka bakuli chini, akajifunika khanga usoni, akalia kwa sauti kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Nikafungua mdomo nipeleke ujumbe, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu siku nzima. Aliyeko nje hakuningoja.

"Shemeji," alisema, na sauti yake nayo haikuwa nzima, "mwambie mama yuko nyuma ya jiko. Nimemfunga tangu tulipofika."